Mwaka wa Barafu

Mwaka 1911, zasema kurasa saba,
ndipo kiwanda cha barafu kilipofunguliwa hapa Kuze.
Saba! Nikafurahi. Mashahidi saba,
hata kadhi asingetaka zaidi.

Lakini wote saba wameandika "barafu ya kwaza".
Herufi ile ile imewadondoka wote,
kama watu saba wenye kikohozi kimoja.
Na picha yao, ati ya mwaka huo,
ina nguzo ya umeme, na chini ya nguzo
mtoto amevaa ndara za plastiki.

Nikafuata nyayo. Huyu kanakili kwa yule,
yule kwa kampuni ya watalii, kampuni
kwa tangazo la nyumba ya wageni ya Badi Shekue,
la miaka tisa nyuma.

Tangazo hilo nililiandika mimi.
Mia nne taslimu, na soda. Nilimwambia Badi
mwaka siujui. Akasema, "Weka wowote,
mgeni hapendi ukuta usio na umri."
Nikaweka. N moja ikaniponyoka.

Husemwa njia ya mwongo ni fupi.
Yangu imezunguka dunia, imerudi Kuze
na mashahidi saba, wote wanangu,
wote wana pua yangu.

Kesho nitakwenda kwenye nyaraka za manispaa,
nikohoe vumbi la risiti na leseni.
Huenda nisipate kitu.
Daftarini, kwa sasa, nimeandika:
Mwaka: haujulikani.
Aliyesema: mimi.
Alisikia wapi: hakusikia.