Kamba Yenye Mafundo Mawili

Kabla ya kwenda dukani nilipima kibanda.
Si mkono wangu, si kifua, si pesa: kibanda.
Ukuta hadi ukuta, kwa kamba ya kufungia magunia ya makala,
fundo huku, fundo kule,
na katikati ndipo ninapoishi toka saa kumi na mbili jioni
hadi wenye nyumba waamke na kuitisha lango.

Mimi ni mlinzi wa usiku, mtaa wa Golf, Lubumbashi.
Nina tochi, filimbi, kiti kilichopoteza mgongo,
na chupa ya munkoyo anayonifungia Chilufya, mke wangu.
Usiku una saa nyingi kuliko mchana,
hilo hawalijui wanaolala.

Kwa Mama Ngoie, pale Kamalondo,
magitaa mawili yalining'inia kwa shingo
kama kuku wanaongoja kujua sikukuu ni ya nani.

Nikashusha lile kubwa kwanza.
Tumbo lake likanijaa kifuani kama mtoto aliyelala,
bega la kulia likapanda kutafuta njia.
Nikagusa uzi wa juu, ule mnene:
sauti ikatoka taratibu, ikazunguka ndoo za plastiki,
ikarudi na habari.
Nikamwona mjomba Kabamba, kambini, Jumapili,
vidole viwili tu, gumba na cha shahada,
na ua mzima umenyamaza, hata sufuria.

Kisha lile dogo.
Shingo fupi, kiuno cha nyigu,
vidole vyangu vilivyokauka vikafika kila pahali bila kubembelezwa.
Lakini sauti! Ilisema haraka haraka
kama mtu aliyetumwa akakumbuka nusu ya ujumbe.
"Baba, hiyo ni ya batoto," akasema kijana wa duka.
"Si ya batoto," Mama Ngoie akamkata, akihesabu noti,
"ni ya watu wenye nafasi ndogo. Na hao ni wengi."

Nikatoa kamba mfukoni. Wakacheka.
Nikailaza juu ya lile kubwa, toka kichwani hadi kitakoni:
fundo la pili likakoma vidole vinne kabla ya mwisho.
Vidole vinne!
Nikasimama nikivitazama vidole vyangu vinne
kama mtu anayedaiwa.
Ningeweza kukaa nje. Lakini Desemba
mvua ya huku haibishi hodi.
Ningeweza kulisimamisha wima. Na mimi je, nikae wapi?
Ningeweza kutafuta kazi penye kibanda kikubwa;
wazo hilo nikalitupa kabla halijanizoea.

Nikalipia dogo.
Njiani, juu ya pikipiki, nilikuwa na hasira nalo,
nikalikaba shingo kuliko ilivyohitajika.

Siku ya tatu, saa nane ya usiku, umeme umekatika,
bomba kuu la moshi la mji limesimama gizani bila kazi,
niliegemea lango. Lango la bati nene, la wenye mali,
ambalo tangu lichomelewe limejua neno moja tu: hapana.
Kichwa cha gitaa kikaligusa
nami nimo katikati ya wimbo.

Lango likaitika.
Si mwangwi. Liliimba, bati zima, toka komeo hadi bawaba,
sauti pana kuliko ile niliyoiacha Kamalondo,
yenye kutu kidogo, kama kikohozi cha mjomba.
Mbwa wa jirani akasimama, akafikiri, akalala tena.

Nikazima nyuzi kwa kiganja. Kazi imekwisha, nikajisemea.
Juu, nyuma ya wavu wa mbu, dirisha likafunguka:
mama mzazi wa mwenye nyumba,
yule asiyepata usingizi tangu avunjike nyonga.
Hakuuliza ni nani.
"Weye wa ku mulango," akasema, "ile ya mwisho haikuisha."

Kamba bado ninayo, nimefungia mguu wa kiti.
Lile kubwa halijanunuliwa.
Nikipita pale mchana, natazama upande wa pili wa barabara.