Mia Kamili

Mahakamani Mtwara feni inazunguka
kama rafadha iliyokosa maji.
Wakili Hokororo ametandaza ramani ya lango la bandari,
ameigandamiza kwa miwani na chupa ya maji;
kidole chake chapinda pale mkondo unapopinda,
usawa wa Msangamkuu,
pale ambapo meli mbili zilikosa kukosana.

Moja ilitoka na korosho za mwisho wa msimu.
Moja iliingia na salfa ya msimu ujao.
Dawa na mgonjwa, ana kwa ana, alfajiri,
maji yakawa ya njano hadi mikokoni.

Kanuni, asema, haina fumbo:
penye mkondo mwembamba kila chombo kishike kulia.
Penye kona, honi ilie,
mlio mmoja, mrefu.

Mbaraka Chitanda yuko benchi la nyuma.
Alikuwa omo, akikunja kamba.
Shati lake lina mikono miwili,
wa kulia umebanwa kwa pini.

Mimi niliulizwa swali moja tu:
daftari la bandari linasema saa ngapi?
Nikajibu: kumi na dakika arobaini.
Asante, Bi Namkulala, unaweza kushuka.

Nikashuka.
Hakuna aliyeuliza juu ya boya la kijani,
wala taa yake iliyozimika tangu Januari,
wala barua ya kuomba betri, niliyoipiga chapa mwenyewe,
bosi akasema atasaini Jumatatu.
Jumatatu nilikuwa Nanyamba, harusini kwa mdogo wangu.
Jumanne sikumkumbusha.
Bado imo drooni: tarehe ipo, muhuri upo.

Jaji akagawa.
Iliyoingia, sitini: ilipanua kona, ikaacha upande wake.
Iliyotoka, arobaini: ilikimbia, na honi haikulia.
Sitini na arobaini.
Nimefunga hesabu miaka kumi na tisa,
najua jumla ikishatimia
hakuna anayefungua tena daftari.

Nje, kwenye boneti ya gari la bima,
Chitanda anatia sahihi ya fidia kwa kushoto.
Herufi zinayumba, zinatoka nje ya mstari,
karatasi inateleza, upepo unaichezea.
“Dada,” akaniambia, “hebu nishikie hapa.”

Nikashika.