Eda ya Soksi

Chumba cha kufulia kiko chini ya jengo letu,
orofa sita, mtaa wa Kaleva, Tampere.
Theluji ya Februari imejaa dirishani, inachungulia.
Mashine tatu, daftari la zamu,
penseli imefungwa kwa uzi
(penseli nayo iliwahi kutoroka).

Niliingiza soksi kumi na nne.
Nimetoa kumi na tatu.

Aulikki wa orofa ya nne hana shaka:
mashine hula.
"Ulidhani inaishi kwa sabuni tu?
Mbuzi hula kwa urefu wa kamba yake,
na hii haina kamba."

Torsti, mstaafu wa kiwanda cha karatasi, anacheka kwa pua.
Amepiga hesabu nyuma ya bili ya umeme:
zinazopotea ni za kushoto. Daima.
Nikamuuliza, ya kushoto hujulikanaje?
Akaikunja bili mara nne,
akasema hilo ni la kitaalamu.

Onni, miaka sita, anatushangaa wazee:
soksi zikikua huwa kofia.
"Kwani hamjaona? Pale mlangoni
kofia ni nyingi kuliko vichwa."

Mimi nasema ni talaka.
Mmekunjwa pamoja, mmekanyagwa pamoja,
mmenuka pamoja,
kisha mzungushwe saa nzima kwenye maji ya moto:
ndoa gani itahimili?
Mmoja huaga anakwenda kwao mara moja,
ndiyo kwaheri.

Aliyebaki, kijivu, mstari mwekundu kifundoni,
nimemlaza kwenye droo ya jikoni
kati ya mishumaa na ufunguo usio na mlango.
Sijui kaachwa au kafiwa,
basi nimempa eda ndefu, kwa tahadhari:
miezi minne na siku kumi.

Ikaisha Juni, jua limesahau kuzama.
Nikamwoza soksi ya rangi ya haradali
iliyokuwa kikapuni mwangu.
Sikuuliza ukoo.

Jioni hiyo, kwenye lifti, Torsti na sandali zake.
Mguu wa kulia, haradali.
Wa kushoto, kijivu, mstari mwekundu.
Akatazama miguu yangu.
Nikatazama namba za orofa: mbili, tatu.
Tukaongea habari za mvua, kwamba huenda ikaja.

Mlango ulipofunguka akatoka,
akageuka, uso mkavu kama mkate wa shayiri:
"Nilikwambia. Ya kushoto."