Ufagio wa Minowa

Siku ya kwanza nilihesabu.
Ndiyo kazi yangu, miaka kumi na tisa ya vitabu vya mapato,
na kidole hakijui likizo.
Nikahesabu ngazi za stesheni ya Shinjuku,
nikafika mia na arobaini,
nikapotezwa na mshale wa manjano
uliokuwa ukielekea kulekule nilikotoka.
Milango ya kutokea ina namba, na kila nilipotokea
palikuwa na mji mwingine
wenye mvua ileile.

Maelfu ya watu, na hakuna bega lililogusa bega,
kama mchele kwenye ungo wa mkono unaojua kupeta.
Ni mimi tu niliyesema samahani,
mara thelathini na moja,
mara moja kwa nguzo.

Mvulana wa kofia ya manjano, begi pana kuliko mgongo,
labda miaka minane,
alisimama peke yake. Nikamwonea huruma.
Nikainama, nikamuuliza kwa ishara: mama yuko wapi?
Akaitazama ramani yangu.
Akaigeuza.
Kumbe tangu asubuhi nilikuwa nimeishika
kichwa chini, miguu juu.

Siku ya pili nilikula.
Au nilijaribu: pembetatu ya wali ndani ya karatasi
iliyoandikwa moja, mbili, tatu,
ndiyo namna ya kuifungua.
Mhasibu mzima, nikaanza na tatu.
Mwani ukabaki kwenye karatasi, wali ukabaki gotini,
na kijana wa dukani, Wakui kwa mujibu wa kifua chake,
hakucheka.
Alileta nyingine, akaifungua mbele yangu,
moja,
mbili,
kama mtu anayemvua mtoto shati lililolowa.

Usiku huo, kwenye treni, behewa zima lilisinzia.
Mwanamume wa tai, kidogo kidogo,
akaniangukia.
Bega la kwanza katika mji ule.
Sikusogea. Vituo sita.
Cha saba akaamka kama aliyeitwa kwa jina,
akainamisha kichwa, akatoka,
akaniachia joto la ukubwa wa kisahani.
Sikuliandika popote.

Siku ya tatu... nanyi mnaijua siku ya tatu.
Nilishuka ngazi za nyumba ya wageni, kamera shingoni.
Bi Fusae Hirabayashi alikuwa mlangoni,
mkono kiunoni, mgongo umegoma,
na majani ya ginko yameifunika barabara kwa manjano
kama mtu aliyemwaga bizari akakimbia.
Methali yetu hajawahi kuisikia.
Alinitazama mimi, akautazama ufagio,
akanipa jembe langu.

Nikafagia. Tramu ya behewa moja ilipita karibu
ikigonga kengele taratibu,
kama anayeomba kupita jikoni kwa watu.
Nilipofika mpaka wa jirani nikasimama. Hesabu ni hesabu.
Bi Fusae akatikisa kichwa, akaonyesha kwa kidole: bado.
Shubiri mbili ndani ya upande wa jirani.
Si tatu.
Ukizidisha utamwaibisha,
ukiishia mpakani, una mkono wa birika.
Yote hayo aliyasema kwa nyusi na viganja,
na nadhani nilielewa.
Nimefunga vitabu vya makampuni yenye maghorofa,
sijaona hata kimoja chenye safu
ya shubiri mbili.

Ndipo akaja msichana, sanduku lenye gurudumu bovu,
jasho, ramani, macho ya siku ya kwanza.
Wote walikuwapo: mwenye baiskeli, muuza tofu,
Bi Fusae mwenyewe na kiuno chake.
Akaniuliza mimi njia ya stesheni,
kwa sababu ya ufagio.

Niliigeuza ramani yake.
Nikamwonyesha kushoto.
Akanishukuru kwa kuinama, mara mbili,
sanduku likaondoka likilia.

Sina hakika kama ilikuwa kushoto.