Saba Iliyong'oka

Kitufe cha saba kiling'oka kabla hatujazaliwa,
ndivyo tulivyoamini darasa la nne, Pasiansi,
siku kompyuta ilipotujia na mkokoteni
kutoka ofisi ya kiwanda cha samaki kilichofungwa,
imefunikwa khanga, kama mgonjwa wa kupelekwa Bugando.

Chumba kilikuwa stoo ya majembe.
Mwalimu Pelagia akapuliza vumbi, akachomeka waya,
kioo kikakohoa, kikawa kijani,
akatokea chura.

Tulimwita Ngosha.
Kazi yake kuvuka ziwa, jiwe hadi jiwe,
na kila jiwe lina swali mgongoni.
Sita mara nne? Andika. Ruka.
Tano mara tisa? Andika. Ruka.
Mawe tunayajua sisi, tumeanika nguo juu yake,
tumeangukia meno juu yake,
ila jiwe linalouliza hatukuwahi kuliona.

Dakika tatu kila mtoto, kila Alhamisi.

Kweji alikosa mara moja tu:
nane mara tatu, akaandika ishirini na tano.
Pii! Ngosha chubwi.
"Na nyongeza?" akauliza, amekasirika kweli,
maana kwa mama yake, mwaloni Kirumba,
mafungu matatu ya furu, nane nane,
hayaondoki bila furu wa ishirini na tano.
Mashine haijui nyongeza, alisema Mwalimu.
Basi haitapata wateja, alisema Kweji.

Halafu ile saba.
Tatu mara tisa, na kwenye kibodi shimo tupu,
na upande wa pili, wenye namba peke yake, ulikufa zamani.
Ngosha anasubiri, anapepesa, anazama.
Tukajifunza kuziogopa kabla hazijafika:
saba yenyewe, ishirini na saba, sabini, sabini na mbili.
Ni nne tu katika jedwali zima. Nani angejua?
Tulizijua kama nyumba zenye mbwa mkali.
Mtihani ulipokuja hakuna aliyezikosa,
wala si kwa akili.

Alhamisi moja Kweji akatoa mfukoni
mwiba wa sangara, mrefu, umesuguliwa kwa mchanga,
akauingiza shimoni taratibu,
kama anayemtoa mtoto funza.

7

Peke yake, kijani, mbichi.
Ngosha akaruka.

Tulipiga kelele mpaka darasa la sita wakachungulia.
Jiwe la kumi na moja, la kumi na mbili,
ng'ambo inaonekana, majani yake ya vidoti vidoti,
umeme ukakatika.

Uliporudi, Ngosha alikuwa jiwe la kwanza,
mkavu, hakumbuki lolote.

Mimi sasa nauza vocha na soda Igoma,
hesabu nafanya kwa simu,
na kila nikifika saba kidole kinasita kidogo,
kinatafuta shimo.

Ule mwiba Kweji aliuacha kwenye boksi la chaki.
Mwalimu aliandika juu yake kwa wino mwekundu:
SABA. USITUPE.