Kalvati

Mheshimiwa Kipkurui ana shahada tatu ukutani;
hesabu za kalvati alizimaliza chai haijapoa.
"Futi tatu zatosha," akasema, kalamu ikashuka.

Kwamboka, aliyeleta vikombe,
hakuondoka.
"Mimi nakaa Mukuru, mheshimiwa.
Masika yaliyopita maji yalinifika hapa,"
akagusa kifungo cha pili cha sare.

Wasaidizi wakakohoa. Mmoja akatazama saa.

Kipkurui ni mwepesi wa jibu tangu shule;
hili akalimeza, likamkwaruza koo.
Akafunika kalamu. Akavuta kiti.
"Kaa. Nionyeshe ulikopita."

Kwamboka akachovya kidole kwenye chai ya kisahani,
akauchora Mto Ngong juu ya karatasi za serikali,
taratibu, kona kwa kona,
hadi ukafurika
pale penye nafasi ya sahihi.