Mistari Mitatu ya Mafanikio

Fomu ya mwaka imeletwa na boti ya posho,
imelowa pembe moja.
Jina: Tusekile Mwakalobo.
Kituo: kisiwa cha mawe, nusu saa kutoka Kirumba.
Changamoto, wameniachia ukurasa mzima.
Mafanikio, mistari mitatu.

Mimi wa Tukuyu, ambako maji huanguka toka juu
na kwenda zake. Hayakai yakakutazama.
Siku ya kwanza nilishuka botini kwa magoti,
buti mpya zinaning'inia shingoni,
na pimbi mmoja juu ya jabali
akanikagua kama afisa utumishi.

Niliandika daftarini: pimbi, wengi.
Mkuu wangu, Bugumba, akafuta kwa wino mwekundu:
"Wengi si namba."
Nikaanza kuhesabu. Pongo kumi na wanne.
Kiboko mmoja, anayekula majani nyuma ya choo usiku,
nami ndani, nimebana mkojo hadi alfajiri.
Hilo nalo liingie safu gani?

Kuna wiki wadudu wa ziwa walisimama majini
kama moshi wa kiwanda, kisha wakaja.
Tulikula ugali gizani, midomo nusu.

Mwezi wa tano tulikamata kokoro.
Macho yake madogo, kidole changu cha mwisho hakikupita.
Ndani yake furu, vifaranga vya sato,
na kenge aliyekufa akiwa ameuma uzi.
Mwenyewe hakukimbia.
Alikaa juu ya jiwe, akavua kofia:
Maduhu, wa mwalo wa Igombe.
Tulilichoma mchana kweupe.
Harufu ya nailoni ilikaa nyweleni siku tatu,
nikaosha kwa sabuni ya kipande, ikabaki.
Faini aliilipa kwa kuuza baiskeli.

Tangu hapo kila nikifika mwaloni
yeye ndiye wa kwanza kuniamkia:
"Afande, mmeamkaje huko kwa wanyama?"
Mchele wowote una chuya.
Salamu ile nimeipepeta mara ngapi, haina hata moja,
na ndicho kinachoniuma.

Dumu la njano, boya la kokoro lile, halikuungua.
Sikuliandika kwenye vielelezo.
Jumapili moja Nkwimba, muuza dagaa,
alinifunga nalo kiunoni, nyuma ya mawe, pasipo upepo.
"Piga miguu, dada. Maji hayajui cheo."
Nililinywa ziwa. Nililitapika ziwa.
Nkwimba alicheka hadi akakaa chini.
Mwezi wa tisa nikaelea,
masikio ndani ya maji,
nikazisikia injini za Kirumba zikisaga mbali, chini kwa chini,
na juu yangu furukombe mmoja, kimya.

Ndipo mtumbwi ukapita.
Maduhu, na nyavu halali safari hii,
au nilitaka ziwe halali.
Akazuia kasia.
"Hilo dumu langu."
Sikuwa na buti, sikuwa na bunduki,
nilikuwa na khanga iliyolowa na meno yanayogongana.
"Lako," nikasema.
Akalitazama. Akanitazama. Akanawa uso.
"Kamba umeifunga vibaya. Itakuponyoka."
Akainama ukingoni, mtumbwi ukalala ubavu,
akaifunga upya,
akapiga kasia bila kuaga.

Haya. Changamoto:
boti ni moja, mafuta hayafiki mwisho wa mwezi,
magugu maji yameziba gati,
choo kihamishwe.
Mafanikio:
Pongo kumi na sita, wawili wachanga, nimewaona kwa macho.
Kokoro moja limeteketezwa.
Mstari wa tatu umebaki mweupe
mpaka boti ya posho inapiga honi mara ya pili.
Naandika, mwandiko wa haraka:
Askari anaelea.

Bugumba atauzungushia wino mwekundu. Mita ngapi?
Sijapima.
Dumu liko chini ya kitanda, na kamba yake.
Fundo lile bado sijaweza kulifungua.